Stroberi za Wageni

Kwetu Waithaka, kila kitu kizuri kilikuwa cha wageni. Blanketi ya maua, ya wageni. Sabuni ya kunukia, ya wageni. Kwenye kabati ya vioo kulikuwa na bilauri zenye mstari wa dhahabu ukingoni, na sisi watoto tulikunywa kwa vikombe vya plastiki. Ukiuliza, mama alikujibu bila kugeuka, "Hizo ni za wageni." Hata nilipokuwa mtu mzima mwenye nyumba yangu mjini, Hurlingham, bado nilikuwa sijatia mdomo kwenye bilauri hizo hata siku moja. Wacha niseme tu: wageni nilikuwa nawachukia.

Jumamosi moja nilienda kumwona mama. Ugonjwa ulikuwa umemmaliza, gauni lilimning'inia tu mabegani. Nikamkuta nje kwenye kigoda, beseni la stroberi mbele yake, zile alizopanda kwenye magunia nyuma ya nyumba. Namalwa, mke wa kaka yangu Ndegwa, alikuwa amechuchumaa kando yake akifundishwa.

"Usitoe hicho kikofia cha majani kabla ya kuosha," mama alimwambia. "Ukikitoa, maji yanaingia ndani, utamu unatoka."

Waliziosha kwa maji baridi yenye siki kidogo, wakatupa zilizooza, wakazikausha kwa leso safi. Ndipo wakazitoa vikofia, na mama akaanza kuzipanga kwenye trei, moja moja.

"Zisigusane. Zikishikana kwa friza utazipasua na nyundo. Zikishaganda hivi ndiyo unazitia kwa mkebe."

Nikanyoosha mkono nichukue moja. Akanichapa kofi vidoleni, kofi lisilo na nguvu hata ya kufukuza nzi.

"Wacha, Wamucii! Hizo ni za wageni."

"Wageni gani, mama? Krismasi iko mbali huko!"

"Watakuja."

Nikasonya. Mtu uji wenyewe haupiti kooni, na bado anawaza wageni! Nilirudi mjini nimenuna, na siku hiyo sikumuaga vizuri.

Kabla mwezi haujaisha, mama akatutoka.

Watu walilia, wakaita jamaa, wakaanza kuongea mambo ya kaburi. Mimi nilikuwa na jambo moja tu kichwani: ule mkebe wa aiskrimu ulio kwa friza, ambao ndani yake hakukuwa na aiskrimu bali stroberi za mama. Sikutaka shamba wala leso zake. Nilitaka yale matunda ya mwisho ambayo mikono yake iliyashika moja moja. Ningeyapeleka kwangu, niwe nikila kidogo kidogo, peke yangu. Sikumwambia mtu. Nani husema maneno kama hayo watu wakipanga mazishi?

Siku ya kupeleka nguo za mama mochari, nilirudi mchana nikiwa na mkoba mtupu. Uwanjani watu walikuwa wamejaa chini ya tenti. Nikapita bila kusalimia, moja kwa moja hadi jikoni, nikafungua friza. Barafu na nyama, basi.

Ndipo nikasikia blenda.

Namalwa alikuwa mezani. Mkebe ulikuwa kando yake, mtupu, na jagi limejaa kitu chekundu.

"Namalwa! Umefanya nini?"

"Juisi, wifi."

"Juisi? Nani alikuruhusu? Hiyo ni kazi ya mikono ya mama yangu! Wewe umeolewa tu hapa, hukuzaliwa hapa!"

Akina mama wa kanisa waliokuwa wakimenya viazi wakageuka kunitazama. Namalwa akazima blenda. Hakunijibu kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Kwani si ni za wageni?" akauliza polepole.

"Wageni gani?"

Maneno yakanitoka vilevile kama siku ile, nikajisikia mwenyewe nikiyasema. Nikatazama dirishani. Mchungaji Gerishon alikuwa amekaa na Biblia mapajani. Mzee Zedekiah, jirani yetu, alikuwa akijipepea kwa kofia. Wamama wa chama cha mama walikuwa wamejifunga leso kiunoni. Wote walikuwa wamekuja kwa sababu yake.

"Ulipoondoka siku ile nilimuuliza," Namalwa akasema. "Akaniambia, watu wa matanga hupewa chai mpaka wanachoka. Wake wapewe kitu baridi."

Nikashika meza. Mama yangu alikuwa akijiandalia matanga yake, na mimi nikamsonya. Nikamsonya mama yangu, jamani.

Namalwa akatoka hadi sebuleni. Nikasikia kabati ya vioo ikifunguliwa. Akarudi na bilauri ya mstari wa dhahabu, akaijaza.

"Nilikuwa nakungoja. Nimekatazwa kumpa mtu mwingine kabla yako."

"Hiyo ni ya wageni," nikasema, kijinga kabisa.

"Najua. Alisema, 'Wamucii alinyimwa sana kwa ajili ya wageni. Siku hiyo aanze yeye, na umpe kwa bilauri yangu.'"

Nikanywa nimesimama. Ilikuwa baridi mpaka meno yakaniuma, na ilikuwa tamu. Nililia mbele ya akina mama wa kanisa bila kujificha, bilauri nimeishika kwa mikono miwili nisije nikaivunja.

Nilipomaliza niliiosha, nikaipangusa. Nje mtu alikuwa ameanza kuuliza kama kuna chochote cha kunywa. Namalwa akachukua jagi ili atoke. Nikamnyang'anya, nikaijaza ile bilauri mpaka kwenye mstari wa dhahabu, nikampa.

"Kunywa, wifi," nikamwambia. "Wageni wangoje."