Stadi za Bei ya Kutupa

Mwalimu alirudisha gari lake gereji asubuhi, akalalamika kwamba tairi la nyuma kushoto linagonga. Linagonga, alisema, kama mtu anayebisha hodi na hataki kuondoka. Fundi alicheka. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu abadilishe stadi za tairi hilohilo, zile boliti zinazotokeza nje ili nati zikazwe, na yeye hakuwa fundi wa kurudiwa kazi.

Aliweka mawe kwenye matairi ya mbele, akainua nyuma kwa jeki, akafungua. Nati mbili zilitoka na vipande vya stadi vikiwa bado ndani yake. Kicheko kikamkauka. Aliachia breki ya mkono, akaigongagonga ngoma ya breki pembeni mpaka ikalegea, akaivua. Vumbi jeusi lilimwagika miguuni. Viatu vya breki vilikuwa vizima, springi zote mahali pake. Ubaya ulikuwa kwenye stadi zenyewe. Ya tatu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Akaigonga ikatokea nyuma, akailaza juu ya chuma, akaipiga nyundo mara moja. Ilikatika kama chaki, na mwalimu alizijua chaki.

"Hizi ulizitoa wapi?" aliuliza.

Fundi hakumsikia vizuri. Alikuwa amenunua stadi kumi kwa mchuuzi mmoja mwenye boksi, zinang'aa, bei ya kutupa. Tano alifunga hapa. Tano nyingine alifunga kwenye gari la shemeji yake, mume wa dada yake, na shemeji alikuwa ameondoka alfajiri hiyo kumpeleka mama yake fundi hospitali, upande wa pili wa mlima.

Alipiga simu. Haikupatikana. Akampigia dada yake nyumbani, naye akasema hata yeye hajapigiwa, labda mtandao hakuna huko juu. Kisha akauliza kuna nini.

"Hakuna kitu," fundi alisema, akakata simu.

Alimwomba mwalimu asiliguse gari, akaazima pikipiki ya jirani, akashika njia ya mlimani. Kila kona aliomba asikute kitu, na kila aliposhukuru, kona nyingine ilikuwa mbele yake.

Alipovuka kilele na kuanza kuteremka, aliona tairi kabla ya kuona gari. Lilikuwa limelala mtaroni, zima, halina hata mkwaruzo. Kutoka hapo mchirizi mweupe ulikuwa umechimbika kwenye lami hadi kwenye ukingo wa barabara, na mwisho wake gari lilikuwa limeinama juu ya ngoma ya breki. Hatua mbili zaidi na hapakuwa na barabara.

Shemeji alikuwa ameketi chini, kitambaa chenye damu kwenye paji la uso. Mama alikuwa bado kwenye kiti cha nyuma, ameukumbatia mkono wake wa kushoto uliopinda pasipopaswa kupinda.

"Mwanangu," alisema, "umejuaje?"

Angeweza kudanganya. Alipiga magoti mlangoni.

"Ni mimi niliyefunga stadi za tairi, mama. Zilikuwa mbovu."

Mama akamwambia atafute gari la kuwafikisha hospitali, mengine yatazungumzwa mkono ukishatulia.

Mkono uliungwa, ingawa haukunyooka tena. Fundi alimtafuta mchuuzi siku tatu. Alipompata, aliambiwa kwamba boksi liliisha zamani, lilikuwa na stadi mia mbili, na wateja walikuwa wengi, nani angewakumbuka?

Tangu hapo hupita gereji baada ya gereji na kile kipande kilichokatika mfukoni, akizitafuta zilizobaki. Wengine humshukuru. Wengine humwambia anawaharibia biashara. Mpaka sasa amepata thelathini na moja.