Haragwe la Tano

Nilipoolewa Gatitu mwaka wa sitini na nane, hakuna aliyenionya kwamba kila Jumamosi, chai ya saa kumi ikishanywewa, nitafukuzwa nyumbani kama kuku. Mama mkwe wangu, Cucu Kagure, aligonga sufuria kwa mwiko na sote tukatoka mbio, ati nyumba inaungua. Mtoto wetu Mutahi alipozaliwa, kila mtu alipewa mzigo wake. Mume wangu Ndungu alimbeba Mutahi. Mimi nilifunga mgongoni furushi la blanketi lililokaa nyuma ya mlango mwaka mzima, lenye unga, chumvi, kiberiti na vitambulisho vyetu.

Langoni palining'inia mkebe. Kwetu watu hawahesabiwi kwa mdomo, maana ukiwahesabu unawaitia mabaya. Kwa hiyo kila aliyetoka alitumbukiza haragwe moja, na Cucu akahesabu maharagwe. Tulikuwa wanne. Cucu alichungulia mkebe, akautazama mlango, akasema, "Bado mmoja." Alikuwa akisimama hapo hadi Ndungu amshike mkono, amrudishe ndani polepole.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Jumamosi moja nilitumbukiza mawili ili tumalize, nirudi kwa sufuria zangu. Cucu akalitoa moja.

"Hili ni la nani?"

"La huyo unayemngoja."

"Nani amembeba?"

Jioni hiyo Ndungu akanieleza, huku akikausha kikombe kilichokuwa kikavu tayari. Wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, mwaka wa hamsini na nne, askari waliwaambia watu wa mtaa wao watoke, nyumba zichomwe. Jamaa wa nyumba tatu walitoka pamoja, na mbuzi, na vyungu. Dada yake mdogo, Gathoni, wa miaka mitatu, alikuwa na homa, amelala chumba cha ndani. Cucu alidhani shangazi amembeba. Shangazi alidhani Cucu amembeba. Na hakuna aliyehesabu, kwa sababu watu hawahesabiwi. Walijua wakiwa wamefika mtoni.

Nililia, nakubali. Lakini hasira haikuisha. Sikutaka mwanangu akue akimngoja mtu aliyekufa.

Mwaka wa sabini na moja, Jumanne mchana, Ndungu alikuwa Kiganjo kwa duka lake la viatu, Cucu yuko shambani anachimba viazi, Mutahi amelala. Nikawasha stovu ya mafuta ya taa. Ikatema moto, pazia likashika, na kuta zetu zilikuwa za mbao kavu. Miguu yangu ilifanya ilivyofundishwa. Nilinyakua furushi, nikalifunga mgongoni, nikakimbia hadi langoni. Nilikuwa nimeshatumbukiza haragwe langu nilipokumbuka kwamba Mutahi hubebwa na Ndungu, na Ndungu yuko Kiganjo.

Hata sikuwahi kupiga kelele. Cucu alinipita na udongo mikononi, akaingia moshini. Sijui alikaa humo muda gani. Alitoka amemfunika Mutahi kwa sketi yake, nywele zimeungua upande mmoja, akamweka mikononi mwangu. Mtoto alikuwa anakohoa, na sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile kikohozi.

Kisha akaendea mkebe. Akatumbukiza lake, na la Mutahi. Akachungulia.

"Ndungu yuko Kiganjo, Cucu," nikamwambia. "Ndungu ni mzima."

"Huyo najua. Bado mmoja."

Akageuka kurudi ndani. Mabati yalikuwa yanalia juu ya moto. Nilimshika gauni kwa mkono mmoja, akanivuta kama mbuzi. Alikuwa na nguvu za jembe, yule mama. Hatua tatu zaidi na ningemwachilia, maana nilikuwa na mtoto.

"Cucu," nikasema, "Gathoni nimembeba mimi."

Akasimama. Nikampa mgongo. Kiganja chake kikapita juu ya furushi, taratibu, kutoka juu hadi chini, kikatulia palipofungwa unga.

"Amelala?"

"Amelala."

Nikatumbukiza haragwe. Akalitazama mkebeni, akaketi kwenye nyasi, akalia hadi paa likaanguka na majirani wakafika na ndoo zao.

Hakugonga sufuria tena. Ndungu alijenga nyumba ya mawe, nami nikarudisha furushi nyuma ya mlango. Kila jioni Cucu alipita hapo, akaligusa, akapunguza sauti. Nyumba nzima tukazoea kunong'ona saa hiyo, hata Mutahi. Cucu alikufa mwaka wa sabini na nne, usingizini.

Baada ya matanga Ndungu akaniambia nifungue ule unga kabla haujaingia wadudu. Alisema kweli. Nikaliweka furushi mapajani, nikashika fundo. Nilipojishtukia, nilikuwa nalipapasa, na hakukuwa na mtu wa kunitazama. Nilikaza fundo nikalirudisha mahali pake.

Sasa Jumamosi saa kumi ni mimi ninayegonga sufuria. Mutahi ameshakua, anajifunza hesabu, anauliza kwa nini mama hutumbukiza maharagwe mawili. Namwambia moja ni langu, na la pili ni la niliyembeba.