Mshipa wa Fundi wa Boila

Mama Mashuka alianguka saa tatu asubuhi akiwa na shuka la arobaini na moja mkononi. Lilikuwa la wodi ya watoto wenye kuhara, nalo lilifuliwa kwa maji baridi kama mashuka yote ya hospitali kwa miaka miwili. Boila la dobi lilikuwa bovu. Mlangoni pake kulining'inia kibao cha "Matengenezo yanaendelea", na buibui walikuwa wamekishikilia vizuri kisianguke.

Kwa wiki tatu alikuwa na homa ya kuja na kuondoka, na maumivu ya mgongo. Alipewa dawa ya malaria mara mbili, ingawa kipimo hakikuonyesha malaria. Mumewe, fundi viatu, alimkanda kila jioni kwa mafuta ya kulainishia viatu, akisema ngozi ni ngozi. Sasa wafuaji wenzake walimpakia kwenye toroli la nguo chafu, wakamvusha ua hadi kwa madaktari.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi aliyefanya kazi akiwa amesimama juu ya kreti la soda. Alimwonyesha mume picha ya tumbo la mkewe.

"Huu ndio mshipa mkuu wa damu, aota. Unatoka moyoni, unashuka hadi karibu na kitovu. Hapa chini ya figo umevimba. Bakteria wameula ukuta wake, umebaki kama karatasi iliyolowa. Ni bakteria walewale wanaowaharisha watoto wa wodi ile."

"Si mumpe dawa?"

"Tunampa. Ila dawa haishoni kilicholiwa. Lazima nikate kipande kibovu, nisafishe mpaka nifike penye uzima, niunge kingine. Nikitia bomba la plastiki, wadudu wanaweza kuhamia humo. Afadhali mshipa wa mtu."

"Mtu gani anagawa mshipa wake?"

"Marehemu."

Kwenye friza ya hospitali ulikuwapo mmoja tu. Ulikuwa wa fundi wa boila, aliyefariki miezi minne kabla kwa kuanguka kutoka kwenye ngazi alipopanda kukagua dohani, bomba la kutolea moshi. Enzi za uhai wake alijaza fomu ya kutoa chochote kitakachofaa.

Upasuaji ulichukua saa saba. Daktari aliubana mshipa juu na chini, akakata palipooza, akaosha, akashona kipande cha fundi chenye urefu wa shubiri moja, kisha akakizungushia utando wa mafuta ya tumboni. Alipoachia vibanio, damu ilipita bila kuvuja.

"Imeshika," alisema, akashuka kwenye kreti.

Siku ya nne, saa kumi jioni, fundi wa boila alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alivaa ovaroli lake la buluu lenye masizi kifuani. Nesi alimwambia avue viatu, wodi imepigwa deki sasa hivi. Akavua.

"Pole, dada. Presha inasomaje?"

"Mia na ishirini kwa themanini."

"Safi. Bomba langu halijawahi kuvuja." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Lile boila lilihitaji vali moja tu, haizidi hata ngumi. Niliwaandikia mara tano."

"Wakasemaje?"

"Wakaniuliza nani kaniruhusu kutumia karatasi za ofisi."

Mama Mashuka alicheka huku ameshikilia tumbo, kwa sababu ya nyuzi.

Katika wiki ya tatu ya sindano za kuua bakteria, nesi alimletea beseni la kunawa. Alipotia mikono tu, maji yakatokota. Nesi aliandika "Mgonjwa amechemsha maji" chini ya "Mgonjwa amepata choo", akaenda kuleta beseni jingine. Daktari alimpima. Homa hakuna, mapigo mazuri, kidonda kimefunga, mikono haijababuka.

"Maadamu bakteria hawamo," alisema, "mengine ni yako mwenyewe, mama."

Alimaliza sindano wiki ya sita, akaandikiwa mapumziko ya miezi mitatu. Siku ya tisa ya mapumziko katibu wa hospitali alituma gari. Mume alipanda na mkewe, akaingia ofisini wa kwanza.

"Mke wangu si birika," alisema.

"Hakuna aliyesema hivyo, mzee. Ila watoto wanazidi kuambukizana kule wodini. Mwenyewe aulizwe."

Mwenyewe akaulizwa. Yale mashuka aliyajua moja moja, na kuna mengine aliyapokea yakiwa bado na uvuguvugu wa mtoto.

"Nitakuja asubuhi tu," alisema.

Akapewa stuli na karo la zege. Maji yalichemka, mashuka yakachemka, na baada ya mashuka vikaletwa vyombo vya upasuaji. Wagonjwa wa wodi ya watoto walianza kupungua. Asubuhi tu ikawa mpaka saa nane, saa nane ikawa mpaka jioni. Ombi la vali lilifutwa kwa mstari mmoja wa wino. Daktari alikwenda kulalamika, akaulizwa kama maji yanachemka au hayachemki.

Fundi wa boila alikuja akasimama kando ya karo, akiangalia mvuke.

"Umewaokoa watoto, dada. Na wale wa ofisini nao umewaokoa."

"Najua. Ningefanyaje?"

"Hata mimi ile ngazi niliipanda nikijua imeoza," alisema fundi. Kisha akamsaidia kukamua.

Mwisho wa mwaka alifika mkaguzi, akauliza mtambo wa maji moto uko wapi. Katibu akamwonyesha. Mkaguzi akatumbukiza kipimajoto, kikasoma mia moja. Akamuuliza Mama Mashuka umri, akaambiwa hamsini na mbili, akauandika penye umri wa mtambo.

"Na nikichoka?" Mama Mashuka aliuliza.

Mkaguzi alikuwa mtu mwaminifu. Alipitia fomu yote, akaigeuza na nyuma. Nyuma palikuwa peupe. Akatia sahihi, kisha akamwomba ajifute mkono, maana kibandiko cha namba ya mtambo hakishiki penye maji.