Benchi la Kujaribia Viatu

Mtaani walimwita Mama Soli. Kwa miaka thelathini na mmoja yeye na mumewe waliuza viatu vya watoto katika duka moja jembamba lenye mlango wa mbao. Mume alikuwa hodari wa kupanga maboksi mpaka yakagusa dari. Mke alikuwa hodari wa miguu. Ukiingia tu, kabla hujafungua mdomo, alishajua saizi yako, na alishajua pia kuwa mguu wako mmoja umeuzidi mwenzake.

Enzi hizo wiki ya sikukuu ilikuwa patashika. Benchi la kujaribia lilijaa watoto tangu pembe hii hadi ile, soksi zimetoboka, vidole vinachungulia. Mama Soli alipiga magoti mbele ya mmoja mmoja. "Tembea hadi mlangoni urudi. Usiburute!" Akina baba walinung'unikia bei, akina mama walivutana naye wapunguziwe, na mumewe juu ya ngazi alirusha maboksi kama mtu anayeangua nazi. Wakifunga duka sauti zilikuwa zimewakauka, wakabaki kuonyeshana kwa mikono na kuchekana.

Halafu simu zikaja na maduka yake ndani. Watu hawakukoma kuja kwa siku moja. Walipungua kidogo kidogo, kama maji ya mtungi wenye ufa. Sikukuu ya safari hii, aliyelala kwenye benchi alikuwa paka wa jirani.

"Mke wangu, tusijidanganye," mumewe alisema. "Mkataba wa pango unaisha mwisho wa mwezi. Tusiuongeze."

"Tuvuke sikukuu kwanza," alijibu, akimwondoa paka.

Zikiwa zimebaki siku tatu, akaingia mwanamke mmoja na bintiye wa miaka kama sita. Mama Soli alipiga magoti, nayo yakalia ko! ko!, akamvisha mtoto kiatu chekundu cha kifungo. Mtoto alitembea hadi mlangoni akarudi, uso umechanua. Mama yake akakigeuza kiatu, akaipiga picha namba chini ya soli, akasema haraka, "Tutarudi, Mama," wakatoka.

"Umeona?" mume akauliza. "Amekuja kupimiwa tu. Kununua atanunua kwenye simu."

"Picha ni bure," Mama Soli akasema, akijiinua kwa kushika benchi. "Lakini magoti ni yangu!"

Walicheka, ila kicheko hakikufika mbali.

Siku moja kabla ya sikukuu, saa sita mchana, walikuwa wameanza kufungasha viatu katika maboksi makubwa kwa utepe wa gundi. Mwanamke yule akarudi, kifurushi mkononi, mtoto anavuta kamasi nyuma yake.

"Mama, naona haya hata kusema."

"Sema tu, mwanangu. Haya haitakuvika kiatu."

Akafungua kifurushi. Viatu viwili vyekundu, vizuri, vyote vya mguu wa kushoto.

Mume aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mama Soli alikuwa na neno kwenye ncha ya ulimi, neno kali la haki yake kabisa. Akainua macho amwambie, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni badala ya miguuni.

"Ngoja. Wewe si Sivui?"

Mwanamke akainamisha kichwa.

"Ndiwe! Ulipokuwa mdogo ulikaa hapo, ukakataa katakata kuvua viatu vipya. 'Sivui! Sivui!' Baba yako akaondoka na boksi tupu kwapani. Hajambo mzee?"

"Alitutoka mwaka jana." Akamvuta bintiye karibu. "Juzi nilipoingia nilikumbuka yote, Mama. Ndiyo maana nikatoka mbio. Nilijua ninalofanya si zuri."

Mama Soli akalimeza lile neno. "Mzee," akamwita mumewe, "pasua maboksi!"

Walipasua matano, gundi ikiwanata vidoleni, mpaka wakaipata ile jozi, ya mwisho ya saizi ile. Sivui alilipa bila kuomba kupunguziwa hata senti. Kabla hajatoka aliwaandikia kwenye simu watu aliosoma nao kwamba duka linafungwa, na alasiri hiyo wakaja. Si wengi, kumi hivi, wengine na watoto, wengine mikono mitupu. Bwana mmoja mrefu, fundi umeme, alikaa kwenye benchi magoti yakamfika kidevuni, akasema, "Ama kweli! Mbona zamani lilikuwa kubwa?" Duka likapata kelele tena kwa saa mbili tatu.

Kelele hizo hazikuliokoa duka. Mwisho wa mwezi walirudisha ufunguo, na sasa pale watu huenda kuchukua vifurushi walivyoagiza kwenye simu. Mama Soli hawaonei kinyongo. Wazazi wengine humletea watoto nyumbani awaambie saizi kabla hawajaagiza, naye huwaambia, na mumewe huguna kwamba anafanya kazi ya bure.

Mauzo hayamkoseshi usingizi. Kinachomsumbua ni ukimya wa wiki ya sikukuu. Mumewe analijua hilo, ingawa hajawahi kulitamka. Wiki hiyo ikifika huwasha redio asubuhi, akaipandisha sauti mpaka majirani wakalalamika, na mkewe hamwambii aipunguze.