Jicho la Kushoto la Ayuma

Ilipoanza ilikuwa doa dogo la waridi juu ya kope ya jicho la kushoto, na kila mtu Shinyalu alisema ni mbu. Rosebella naye alisema ni mbu. Mtoto alipofika mwezi wa pili, mbu huyo alikuwa amevimba akawa mwekundu kama tunda damu lililoiva, na jicho limebaki ufa mwembamba chini yake.

Rosebella alikuwa na diploma ya afya ya mifugo na duka la dawa za ng'ombe pale sokoni. Wateja walimwita daktari. Sasa wakawa wanaingia kununua dawa ya kupe, wanamkuta na mtoto mapajani, wanatoa ushauri ambao hawakuombwa. Mbele ya wote alikuwa Osiako, mzee wa ng'ombe wawili na maoni mengi.

"Daktari, hiyo ukipaka mafuta ya kukamulia itaisha."

"Mafuta ya kukamulia ni ya chuchu za ng'ombe, mzee."

"Ngozi ni ngozi. Kwani ulikula nini ukiwa na mimba?"

"Ugali. Kama wewe."

"Mimi nakulanga ugali na sina kitu machoni."

"Basi soma hiyo chupa uliyoshika. Ni dawa ya kuku."

Osiako alirudisha chupa, akavuka barabara kwenda duka la pili, na huko akatangaza kwamba mtu aliyeshindwa na mtoto wake hawezi kuaminiwa ndama wa wenyewe. Neno hilo lilimfikia Rosebella kabla ya chai ya saa nne. Kesho yake akamwacha mtoto nyumbani na mama mkwe.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yamekaa vibaya, ila kwa adabu. Mumewe Weldon, fundi wa stima, alimpiga mtoto picha kila siku, zote za upande wa kulia. Ukifungua simu yake ungedhani amezaa mtoto wa kuchorwa kwenye sarafu. Alinunua kofia ya sufi ya kuvutwa hadi kwenye nyusi, jua likiwaka au lisiwake. Kanisani walihamia benchi la nyuma, halafu mlangoni, halafu wakawa na sababu za kutoenda. Kitandani mtoto alilala katikati, na wao wawili, kila mmoja amegeukia ukuta wake, walijifanya wamelala. Hawakugombana hata siku moja. Hilo ndilo lililomtisha Rosebella, maana ile ilikuwa nyumba ya kelele. Waliwahi kununiana wiki nzima kwa sababu ya kifuniko cha sufuria.

Mwenye furaha alikuwa mmoja tu: Jescah, mama yake Weldon.

Ni Jescah aliyempa mtoto jina. Kwao mtoto hapewi jina hivi hivi. Anawekwa titini, wanatajwa waliotangulia mmoja mmoja, na mtoto akishika titi na kunyonya, aliyetajwa ndiye aliyerudi. Walitajwa wajomba na mababu, mtoto akageuza uso. Alipotajwa Ayuma, alinyonya kama ndama. Ayuma alikuwa shangazi wa mumewe Jescah, mwanamke ambaye jicho lake la kushoto halikufunguka maisha yake yote. Kwa hiyo uvimbe ulipotokea, Jescah alipiga vigelegele.

"Si niliwaambia? Amekuja na jicho lake!"

"Mama, hiyo ni shida," Rosebella alisema.

"Shida gani? Ayuma kwa jicho moja alikuwa anaonanga mwizi wa mahindi akiwa bado anapanga safari."

Rosebella hakubishana. Alimbeba mtoto hadi hospitali mjini, na Weldon akafuata nyuma na kofia.

Daktari Kiprop alivua kofia, akatazama, akasema hiyo ni mishipa midogo ya damu iliyoota kupita kiasi, haikuletwa na chakula wala na mtu. Nyingi hujiishia zenyewe kadiri mtoto anavyokua.

"Basi tungoje," Weldon alisema haraka.

"Ingekuwa mgongoni tungengoja. Hii imeziba jicho. Jicho la mtoto lisipotumika, ubongo huzoea kuishi bila hilo. Mkija kulifungua baadaye, litakuwa wazi na halioni."

Weldon aliangalia sakafu. Rosebella aliulizia dawa.

"Ni ya presha."

"Ya presha?"

"Hiyo hiyo ya wazee, kwa kipimo cha mtoto. Hufanya mishipa inywee. Tutamlaza kwanza tumwangalie. Nyumbani mtampa asubuhi, mchana na jioni, na kila mara awe amenyonya kwanza. Asipewe na njaa, sukari yake itashuka." Kisha akaweka kalamu chini. "Na nyumbani mnaendeleaje?"

"Mgonjwa ni mtoto," Rosebella alisema.

"Najua. Nauliza nyumbani."

Rosebella alifikiri. "Tuko kimya."

Daktari aliitikia kwa kichwa, kana kwamba ametajiwa homa.

Dawa ilianza. Dozi za asubuhi na jioni alitoa Rosebella. Ya mchana alimwachia Jescah, pamoja na maziwa aliyokamua na bomba dogo la kupimia. Uvimbe ulipauka kidogo, kisha ukasimama pale pale. Waliporudi kliniki daktari hakupendezwa. Alisema angetarajia jicho liwe limeanza kufunguka, na siku hazimngoji mtu.

Rosebella hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alizijua dalili za dozi pungufu. Wafugaji walimletea dukani kila siku ya soko, wakiilaumu dawa. Alifika nyumbani akamkuta mama mkwe anapepeta maharagwe.

"Mama, mchana unampa dawa?"

"Simpi," Jescah alisema, bila kuinua ungo wala macho.

"Kwa nini?"

"Jicho likifunguka, Ayuma ataambiwa nini? Kwamba amekuja kwetu tukamfukuza? Akiondoka mtoto atabaki bila mtu ndani. Hiyo dawa yenyewe naijua, ni ile nakunywanga mimi. Imenipoza miguu tu."

Weldon, aliyekuwa mlangoni, alitazama nje kama mtu anayengoja stima irudi. Rosebella alikaa chini. Angeweza kupiga kelele, na koo alikuwa nalo. Lakini dukani alikuwa amejifunza kwamba mwenye ng'ombe ukimshinda kwa maneno, huenda nyumbani akaimwaga dawa.

"Basi tumuulize mwenyewe," alisema.

"Nani?"

"Ayuma. Alijibu jina, atajibu na hili. Kesho ni Jumapili, tuko wote."

Jescah aliweka ungo chini. "Atakayosema, tutafuata?"

"Tutafuata."

Jumapili mchana walikaa sebuleni. Mtoto alikuwa ameamka usingizini na anakula ngumi yake mwenyewe. Jescah alivaa kitambaa cha kichwa cha kanisani. Rosebella alimpakata mtoto, akafungua blauzi, na Jescah akasema kwa sauti ya heshima:

"Ayuma, mama yetu. Hawa watoto wanataka kulifungua jicho lako. Ukikubali, nyonya. Ukikataa, geuka."

Mtoto alirukia titi kwa nguvu hadi Rosebella akakunja uso. Alinyonya, akapaliwa, akakohoa, akarudi tena.

"Amekubali!" Weldon alisema.

Rosebella alimwacha ashibe, akachukua bomba, akampa dawa. Hakuna aliyezuia. Weldon alipotoka kwenda kunawa uso, Jescah aliinama karibu na sikio la mkwe wake.

"Hakuwa amenyonya tangu saa ngapi?"

Rosebella alimfuta mtoto midomo.

"Mimi ni mzee, si mjinga. Unadhani siku ile ya jina nilifanyaje? Wale wajomba walevi niliwataja akiwa ameshiba. Ayuma nilimngoja apate njaa."

"Kwa hiyo unajua…"

"Najua waliotutangulia huulizwa kwa adabu, na huulizwa wakati mzuri. Umeuliza vizuri. Leta hilo bomba, nionyeshe tena kile kistari."

Tangu hapo dozi ya mchana haikukosekana. Jescah alimlisha kwanza, kisha akasema, "Ayuma, shika dawa yako," naye mwenyewe akameza ya kwake hapo hapo. Uvimbe ulipauka, ukanywea, ukajikunja kama zabibu kavu. Ufa ukapanuka. Asubuhi moja Weldon alipitisha tochi ya simu mbele ya jicho la kushoto, na jicho likaifuata hadi mwisho wa kitanda na kurudi. Alipiga picha hapo hapo, upande wa kushoto. Ilitoka na ukungu. Hiyo ndiyo aliyoiweka kwenye skrini ya simu yake.

Kliniki, Daktari Kiprop aliziba jicho la kulia kwa kiganja. Mtoto alinyoosha mkono akamnyang'anya kalamu.

"Linaona. Tutaendelea na dawa kwa muda," alisema. "Na nyumbani?"

"Jana tumegombana," Rosebella alisema.

"Kuhusu mtoto?"

"Kuhusu kofia. Yeye anataka kuitunza. Mimi nimeifanya kitambaa cha kushikia sufuria."

"Bado sijakubali," Weldon alisema.

Daktari alikubali kwamba hali ni nzuri, akaomba arudishiwe kalamu.