Mstari wa Majivu Ghalani

Katika dola ya Mlalo, usafi ulikuwa kazi ya siafu. Kila mwezi ulipoandama walipita kwa mamilioni, wakaingia kila nyumba na kila shimo, wakala panya, mende na kupe, kisha wakaenda zao. Mwenye nyumba alitoka mapema na wanawe, akarudi jioni akakuta kweupe. Hakuna aliyebaguliwa, maana siafu hawajui cheo.

Aliyeuharibu utaratibu huo ni Nungunungu, Mtunza Ghala la Akiba, na aliuharibu kwa nia njema, kama ilivyo desturi ya wasomi. Ghala hilo lilijengwa na mababu waliokufa bila kuacha maelezo. Kuta zake zilijaa kamba za katani zilizopita huku na huko, na Nungunungu, aliyelitunza miaka kumi na tisa, hakujua hata moja inashikilia nini. Alijua tu kwamba zamani fundi mmoja alikata kamba kuukuu, na kisima cha ikulu kikakauka. Basi akajenga heshima yake yote juu ya kutogusa. Akiulizwa, alikohoa, akasimamisha miiba, akasema, "Ni mambo ya ndani sana." Wote wakamwona bingwa.

Siku moja barazani akamwomba Mfalme Kiboko ruhusa ya kulizungushia ghala majivu, kwa kuwa siafu hawavuki majivu.

"Kwani watakata kamba?" Mfalme akauliza.

"Mtukufu, siwezi kusema hawatakata."

Jibu lilikuwa la kweli kabisa. Tangu azaliwe hakuwahi kukaa akamtazama siafu akila.

"Basi kila kilicho cha kale kisiguswe," Mfalme akaamuru. "Na hati za ukale utazitoa wewe."

Waziri Ngiri akasimama papo hapo. "Mtukufu, shimo langu ni la kale. Nimelichimba tangu mvua za vuli."

"Za mwaka gani, Mheshimiwa?" Nungunungu akauliza.

"Za mwaka huu. Lakini wazo la kulichimba nililirithi kwa marehemu baba."

Nungunungu angeweza kucheka. Badala yake akang'oa mwiba wake mmoja, akauchovya kwenye wino, akaandika, na kazi ikamnogea. Haikupita wiki mawaziri wote wakawa wa kale, na ikulu, na mashemeji wa ikulu, na kila mwenye hati akazungushiwa majivu. Hati ya mwisho alijiandikia mwenyewe, kwa mwandiko mzuri kuliko zote.

Panya nao si wajinga. Walipoona ndani ya majivu hakuna siafu, walihamia huko na wajomba zao. Siafu, kwa kukosa windo, wakawa wanarudi mara mbili, mara tatu kwa mwezi, bila kutarajiwa, kwenye viota vya wanyonge wasio na hati.

Ndipo Mama Kanga, mjane wa bondeni, alipofika ghalani.

"Shikamoo, Mtunza."

"Marahaba, mama. Hati zinatolewa Jumatatu."

"Sikuja kuomba hati. Siafu wamekula vifaranga wangu watatu. Kwangu hawakukuta hata panya mmoja, wakala wanangu. Panya wako kwako. Nawasikia hapo nyuma yako wakitafuna mtama wetu wa njaa."

Nungunungu naye alikuwa akiwasikia. Aliwasikia wiki nyingi, akawa anajiambia ni kamba zinakaza.

"Mama, haya ni mambo ya ndani sana."

"Huko ndani mna nini?"

Akakohoa. Miiba ikagoma kusimama. Mficha uchi hazai, na Nungunungu alikuwa tasa wa miaka kumi na tisa.

"Sijui," akasema. "Kweli tena, mama, sijui."

Aibu ilimchoma hadi masikioni, kisha ikamjia nafuu, kama ya mtu aliyekwisha kutapika.

"Basi nipishe," Mama Kanga akasema, akaanza kupekua majivu kwa miguu. Kanga wenzake wakaja, kundi zima, wakapekua. Siafu wakaingia kama maji. Panya walikwisha mchana ule ule, na siafu wakazipita kamba bila hata kuzigeukia. Mtama uliobaki haukufika theluthi. Nungunungu aliutazama, akalia.

Kanga hawakulia. Walielekea ikulu, wakipekua majivu njia nzima, na siafu nyuma yao, na Nungunungu akawafuata. Mfalme Kiboko, aliyenenepa asiweze tena kupita mlangoni, akapiga kelele dirishani: "Nungunungu! Waonyeshe hati! Waambie sisi ni wa kale!"

Na Nungunungu, kwa mazoea tu, akaikunjua hati ya ikulu, akaiinua juu ili wote waione, kisha akainama akaiweka mbele ya msafara. Ilikuwa hati nzuri, yenye muhuri. Siafu wakapita juu yake. Siafu hawajui kusoma, na jambo hilo Mtunza alilijua tangu hati ya kwanza.