Kisanduku Kilichokuwa na Adabu

Karakanani kipimajoto cha kisanduku kilisema digrii nne. Nyumbani kwa shangazi kilisema kumi na nne. Kisanduku kilikuwa kilekile.

Injinia hakuwa injinia. Alikuwa fundi redio aliyejisomea, na jina hilo mtaa ulimpa kwa kejeli. Akalipokea kifua mbele hadi kejeli yenyewe ikachoka. Kisanduku hicho cha kupozea dawa ya insulini alimtengenezea shangazi yake, mgonjwa wa kisukari, aliyeishi peke yake kwa betri moja ya umeme wa jua isiyoweza kuendesha friji. Ndani yake mlikuwa na kigae chembamba kama biskuti. Ukikipitishia umeme, uso mmoja unapoa, wa pili unapata joto, na joto hilo hutolewa na bati lenye mapezi kama ya samaki na feni ndogo mgongoni.

Dada yake Injinia, muuguzi, alikuwa amekata shauri. "Dawa isizidi digrii nane. Ijumaa nikikuta zaidi, shangazi anahamia kwangu."

"Nikakae ghorofa ya tano nihesabu madirisha ya watu?" shangazi alinung'unika. "Mwanangu, kipoze hicho kitu."

Jumatano Injinia alipiga hodi, akapokewa, akaketi mbele ya kisanduku saa mbili nzima. Kikashuka mpaka sita mbele ya macho yake. Akaondoka akipiga mluzi. Jioni shangazi akapiga simu: kumi na nne.

"Kina adabu mbele yako tu," shangazi akacheka. "Kama watoto wa shule."

Alhamisi akarudi, akabadilisha kigae, kisha akaongeza umeme. Aliamini jembe likigoma huongezewa nguvu. Jioni simu ikasema kumi na tisa. Injinia alikaa na kalamu mkononi, hesabu zikimtazama kama mashemeji waliokasirika. Umeme zaidi, joto zaidi? Kisanduku cha kupoza kilikuwa kinapika.

Ijumaa alifika asubuhi bila kubisha hodi; mlango ulikuwa wazi, shangazi yuko uani anaanika nguo. Injinia akasimama kizingitini.

Kisanduku kilikuwa kimevikwa kitambaa cheupe cha kufumwa, kimefunikwa mbele na mgongo, feni ikihema chini yake.

"Ah, umekikuta hakijavuliwa," shangazi akasema nyuma yake. "Ukija huwa nakitoa ukione vizuri. Ukiondoka nakirudisha. Mali kama hii haiachwi uchi, vumbi liingie."

Pembeni mwa kitambaa, kwa uzi mwekundu, alikuwa amefuma: INJINIA.

Injinia akalisoma jina hilo mara mbili. Akakiondoa kitambaa polepole. Kipimajoto kikashuka hadi kumi, kikagoma. Akapunguza kidogo umeme aliouongeza Alhamisi, moyo ukimkatalia. Tisa. Akapunguza tena. Saba. Akaendelea kukitazama bila kuelewa vizuri kwa nini kupewa kidogo kulikifanya kipoe zaidi; labda umeme mwingi ulizaa joto lililoishinda feni. Sita.

"Shangazi, hiki kinapumulia mgongoni. Kisifunikwe hata nikiwa mbali."

"Na kitambaa changu?"

Akanyanyua kisanduku, akatandika kitambaa juu ya stuli, jina likining'inia mbele, akakiketisha kisanduku juu yake.

Muuguzi alipofika aliinama, akasoma sita, akasubiri, akasoma tena sita.

"Tatizo lilikuwa nini?"

Shangazi akaangalia sakafu.

"Nilizidisha umeme," Injinia akasema. "Kosa langu."

Muuguzi akamkodolea macho. Tangu wazaliwe, hakuwa amewahi kumsikia akikiri kosa lolote.